Kuezeka Kisiwa kwa Picha

Asubuhi, jua likiwa bado halijakolea, uwanja wa mpira wa kijiji huko Pemba hugeuka kiwanja cha ndege. Ndege yenyewe ni ya povu gumu. Mabawa yake hayafiki upana wa mita 1, na uzito wake ni kama kilo 0.7; ni nyepesi kuliko nazi ambayo haijafuliwa. Mrushaji huishika kwa mikono miwili na kuitikisa mara tatu, kisha pangaboi dogo la nyuma huanza kuvuma. Huukabili upepo, huiinua juu ya kichwa, huiachia. Droni huinama kidogo kama inayotaka kuanguka, halafu hushika hewa na kupanda.

Watoto waliojaa pembeni hushangilia, na wana haki. Lakini mimi nataka kuisifu kazi inayoanza baada ya shangwe kwisha, ambayo hakuna anayeipigia makofi. Kwa dakika 40 au zaidi, kile kidude huenda mstari mmoja hadi mwisho wa eneo lake, hugeuka, husogea kando kidogo, hurudi. Huenda tena, hurudi tena, kama mkulima anayepiga matuta. Hakivutwi na ufukwe mweupe wala hakichoshwi na pori. Kila baada ya mita kadhaa kamera iliyofichwa tumboni mwake hufyatua picha moja, ikitazama chini wima.

Ni kwa mwendo huo, kuanzia 2016, kwamba Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, iliipiga picha Unguja na Pemba. Eneo lililopigwa lilizidi kilomita za mraba 2,300. Vijana wa chuo hicho walifundishwa na wenzao wa shirika la Drone Adventures, kisha wakashika kazi wenyewe. Sehemu kubwa ya visiwa ilipigwa kwa undani wa takriban sentimita 7. Maana yake ni kwamba pikseli moja, ile punje ndogo kuliko zote katika picha, hufunika kipande cha ardhi chenye upana wa kiganja bila kidole gumba. Katika picha ya namna hiyo ngalawa iliyovutwa pwani si doa tu. Mtumbwi unaonekana, na matengo yake mawili yanaonekana, moja kila upande. Maji yakipwa, mashamba ya mwani huonekana mstari kwa mstari.

Mtu akikuonyesha picha hiyo kwenye simu, ni rahisi kudhani kwamba mashine imefanya yote. Hapana. Nyuma yake kuna ufundi wenye umri mrefu, na ugumu wake wa kwanza ni huu: kamera haitulii.

Mpiga picha wa harusi humwomba bibi harusi atulie. Hapa anayepigwa picha, yaani ardhi, ametulia tangu zamani, na mpigaji ndiye anayekimbia. Tuseme droni inakwenda mita 12 kwa sekunde, mwendo wa daladala barabarani. Tuseme pia inaruka chini kiasi cha kupata pikseli ya sentimita 3. Shata ya kamera ikibaki wazi kwa sehemu 1 ya 250 ya sekunde, muda ambao jicho halitambui, droni imeshasogea sentimita 4.8. Kila kitu kwenye picha kimeburuzwa zaidi ya pikseli nzima, na ukingo wa paa umekuwa ukungu. Shata ikifunguka kwa sehemu 1 ya 1,000 tu, mburuzo unashuka hadi sentimita 1.2, chini ya nusu ya pikseli, na picha inakuwa kali. Lakini shata ya haraka hunyima kamera mwanga. Ndiyo maana mrushaji hairushi droni alfajiri, hata kama hewa imetulia kabisa. Husubiri jua litoe mwanga wa kutosha, kisha hukimbizana na saa kabla upepo wa mchana haujaamka.

Na kwenda mbele ndiko afadhali. Kuyumba ni kubaya zaidi. Droni iliyo juu mita 300 ikiinama digrii 1 tu, kitovu cha picha huhama ardhini kwa zaidi ya mita 5. Ikiwa inayumba kwa kasi ya digrii 10 kwa sekunde, basi ndani ya ile sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde picha hufagia ardhi kwa sentimita 5. Kwa hiyo waliounda baadhi ya droni za aina hii walizifundisha adabu: picha ikikaribia, hukata mota, hunyoosha mabawa, huteleza kimya kidogo, hufyatua, ndipo huwasha mota tena. Inazuia pumzi, kama mlenga shabaha. Inafanya hivyo mamia ya mara katika safari moja, na hapo mashine inastahili heshima ya fundi.

Watu wamepambana na tatizo hili kwa miaka mingi kabla ya droni. Mwaka 1858, Mfaransa Nadar alipanda kwa puto karibu na Paris na kupiga picha kutoka angani. Mwaka 1906, baada ya tetemeko la ardhi na moto kuubomoa mji wa San Francisco, Mmarekani George Lawrence alipandisha kamera ya zaidi ya kilo 20 hadi kama mita 600 kwa tiara 17 zilizofungwa kwenye waya mmoja. Aliipata picha moja pana iliyoonyesha magofu ya mji karibu wote, kutoka bandarini hadi vilimani. Tiara hazitulii, kwa hiyo sehemu kubwa ya ujuzi wake ilikuwa katika namna ya kuininginiza kamera isizunguke wala kupepesuka.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani mwingine, Fred Sonne, alitumia kamera iliyoligeuza tatizo kuwa dawa. Badala ya shata aliweka mwanya mwembamba, na nyuma ya mwanya filamu ikatembea bila kusimama. Siri ilikuwa kulinganisha mwendo: filamu ilipaswa kukimbia kwa kasi ileile ambayo taswira ya ardhi ilikuwa ikipita ndani ya kamera. Vikilingana, taswira na filamu husafiri pamoja kama abiria wawili kwenye behewa moja, na kila mmoja humwona mwenzake ametulia. Ndege ilipita chini na kwa kasi, na ufuo wote ukatoka kama utepe mmoja mrefu wa picha usiokatika. Hadi leo nikiufikiria mwanya ule navutiwa na akili iliyokubali kwamba ndege haitasimama, ikaamua kwenda nayo sambamba.

Vita ilipokwisha, ufundi huu ukafika kwetu kwa njia ya ukoloni. Mwaka 1946 Uingereza ilianzisha idara ya upimaji wa makoloni yake, na ndege za Lancaster zilizoundwa kubeba mabomu zikafungwa kamera. Kikosi namba 82 cha jeshi lao la anga kilipiga picha za Afrika Mashariki kikiwa na kituo Eastleigh, Nairobi. Waliotaka picha hizo walikuwa na haja zao za kutawala, na hilo halipaswi kusahaulika. Hata hivyo, kutoka angani ndiko zilikotoka ramani nyingi za kipimo cha 1:50,000 ambazo wapima ardhi wetu walizirithi. Kanuni ya warushaji wale ilikuwa kwamba kila picha irudie kama asilimia 60 ya ardhi iliyokuwa katika picha iliyotangulia, na kila mstari uukanyage mstari wa jirani kwa asilimia 30 hivi. Mchora ramani aliziweka picha mbili zinazofuatana chini ya kifaa cha lenzi mbili, jicho moja kwa kila picha, na ghafla mlima uliokuwa bapa ukainuka kutoka mezani.

Katika kurudia huko ndiko uliko moyo wa kazi hii, na sijui mahali pazuri pa kujifunzia kuliko kwa fundi wa makuti. Fundi huanzia chini, kwenye upenu. Hufunga safu ya kwanza ya makuti, kisha ya pili juu yake, na safu ya pili huifunika ya kwanza karibu yote, ikiacha kipande kifupi tu nje. Mgeni akitazama ataona ubadhirifu: mbona makuti yote hayo, na kila kuti linaonekana kidogo tu? Fundi hamjibu. Anajua kwamba aliyebana makuti atalala mkavu masika ijayo, na aliyeyatawanya ili kuokoa fedha atahamisha kitanda usiku.

Picha za droni huezekwa hivyohivyo, tena kwa kubana zaidi. Chukua kamera ya megapikseli 20 inayopata pikseli ya sentimita 3. Picha moja hufunika kama mita 164 kwa 109. Ungeweza kusonga mita 109 ndipo upige nyingine, na usingeacha pengo. Droni husonga mita 27 tu, hupiga, husonga 27 nyingine, hupiga, ili picha zipandane kwa asilimia 75. Mstari wa kurudi nao hauuachi wa kwanza mbali. Huukanyaga kwa asilimia 60. Ukipiga hesabu, kila jiwe, kila kona ya bati, kila shina la mnazi limeonwa takriban mara 10, kila mara kutoka mahali tofauti angani. Kilomita 1 ya mraba hula zaidi ya picha 500.

Kwa nini mara 10? Kwa sababu neno la shahidi mmoja halitoshi. Picha moja haiwezi kukuambia kama kile kiduara cha kijani ni kichaka kilichotambaa au mnazi mrefu. Picha ya pili, iliyopigwa mita 27 mbele, humwona mnazi ameinama upande mwingine, na kadiri alivyo mrefu ndivyo anavyoonekana kuinama zaidi. Kichaka hakiinami. Kutokana na tofauti hiyo programu ya kompyuta hupata urefu. Hutafuta maelfu ya alama ndogo katika kila picha, njia panda, ukingo wa kisima, kokoto nyeupe, na kuuliza ni picha zipi nyingine zimeiona alama hiyohiyo. Kisha hutatua mambo mawili kwa pamoja: kamera ilikuwa wapi kila ilipofyatua, na kila alama iko wapi duniani. Shahidi mmoja akikosea, wale tisa humrekebisha. Mwisho wake si picha tu. Ni umbo la kisiwa chenyewe, lenye miinuko na mabonde, lililofunikwa kwa rangi zake.

Nadharia hiyo ikifika pwani yetu hukutana na mambo ambayo kitabu hakiyamalizi. Kusi likivuma, droni haiwezi kuelekeza pua kule inakokwenda. Hujipinda kuuelekea upepo na kusonga mshazari kama kaa, na picha zake nazo hutoka zimepinda, pembe za moja zikiacha mwanya na pembe za nyingine. Zamani mpiga picha aliyekaa ndani ya ndege aliizungusha kamera kwa mkono kuufidia upepo. Mrushaji wa leo huufidia kwa kuisogeza mistari karibu zaidi. Upepo huohuo hutikisa minazi. Ukuti uliokuwa hapa katika picha ya kwanza uko kwingine katika ya tatu, na kompyuta hukosa pa kushika. Dawa yake ni ileile ya fundi wa makuti: kubana.

Bahari ni ngumu kuliko vyote. Wimbi halina kona. Kila sekunde uso wa maji ni mpya, na picha 10 za bahari ni mashahidi 10 wanaosimulia habari 10. Kwa hiyo mstari unaoanzia majini hurefushwa mpaka uguse nchi kavu, ili kila picha iwe na angalau ukingo wa kushikilia. Pia kuna kalenda ya maji. Anayetaka kupima matumbawe ya ufukweni, mashamba ya mwani au mizizi ya mikoko atangoja bamvua, na atajua saa ya kupwa kama anavyoijua mvuvi, kwa sababu dirisha lake ni fupi na maji hayamngoji mtu. Wingu nalo huathiri, ingawa si kama linavyoathiri setilaiti. Setilaiti huona mgongo wa wingu na kuishia hapo, ilhali droni hupita chini ya tumbo lake. Kinachomsumbua mrushaji ni mawingu ya mabaka, ambayo huacha kivuli kwenye shamba hili na jua kali kwenye lile, hata mkeka wote wa picha zilizounganishwa ukatoka na viraka.

Nimeacha kwa makusudi mtu ambaye watazamaji wa angani hawamwoni. Kabla ya droni kuruka, kuna aliyetembea kwa miguu. Amepita kwa sheha kueleza kazi iliyomleta, kwa maana watu wana haki ya kujua ni nini kinachoruka juu ya nyua zao. Kisha ametandaza ardhini vipande vyenye miraba myeusi na myeupe, au amepaka alama kwa chokaa penye uwazi, na juu ya kila alama amesimamisha kipokezi cha setilaiti juu ya mguu wake. Anangoja. Jua linapanda, naye anangoja kipimo kitulie hadi kosa liwe la sentimita chache tu. Anaandika namba, anafungasha, anakwenda kwenye alama nyingine, pengine ng'ambo ya bonde la mpunga.

Bila yeye, picha zote zile zingeweza kushikana vizuri zenyewe kwa zenyewe na bado kisiwa kizima kikakaa mita kadhaa pembeni ya mahali pake. Mkeka ungekuwa mzuri, lakini umetandikwa chumba kingine. Kwa mtalii, mita 3 si kitu. Kwa majirani wawili wanaogombea mikarafuu iliyoko mpakani, mita 3 ni ugomvi wa vizazi. Zile alama ni misumari inayoupigilia mkeka mahali pake.

Ukitaka kuona kazi hii ikijaribiwa hadi mwisho, tazama Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vichochoro vyake ni vyembamba, na nyumba za ghorofa zimebanana bega kwa bega. Katika picha yoyote ya angani jengo refu lililo mbali na kitovu cha picha huonekana limelalia nje, na ukuta wake huufunika uchochoro. Sakafu ya uchochoro huonekana tu na kamera iliyokuwa juu yake wima, au karibu sana na hapo. Kwa hiyo mistari hubanwa zaidi na droni hushushwa, kisha kompyuta huchagua kwa kila kipande cha njia ile picha iliyokitazama wima kuliko zote. Hapo ndipo uchochoro unapofunguka: baraza ya mawe, mabati yaliyozibwa kwa mabati, tangi la maji juu ya paa.

Mji huo umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lake la kale la Beit el Ajaib iliporomoka, na watu wakapoteza maisha. Picha za angani zilizotangulia siku ile hazikuweza kuuzuia ukuta usianguke, na hakuna picha iwezayo. Kinachoweza kufanywa na picha zilizopigwa kwa makini ni kuhifadhi vipimo vya jinsi mambo yalivyokuwa, ili anayekuja kujenga upya asitegemee kumbukumbu za watu peke yake. Faida hiyo hupatikana kwa jambo moja tu, kwamba mtu alikwenda kupiga mapema, siku ambayo hakukuwa na habari yoyote.

Ndiyo sababu nauheshimu ufundi huu kuliko picha za machweo zinazosambaa kila jioni. Picha ya machweo hutafuta mahali pazuri na kuviacha vingine vyote. Mpima wa angani hana ruhusa ya kuchagua. Jalala hupata mara zake 10 kama ikulu, na kibanda cha mvuvi hupata pikseli zilezile za hoteli. Kila mtaa hutazamwa kwa usawa, hutazamwa tena, na tena, mpaka uongo ukose pa kujificha.

Lakini ramani huzeeka. Pwani inaliwa, mitaa inaongezeka, mikoko inakatwa na mingine inapandwa. Mkeka uliosukwa 2016 hauwezi kuonyesha nyumba iliyojengwa jana, na paa la makuti huezekwa upya kila baada ya miaka kadhaa bila mtu kuona ajabu. Visiwa vyetu, na miji yetu ya bara pia, vinahitaji mazoea hayohayo: kupaa tena, kwa mistari ileile, na vijana waliofundishwa hapahapa.

Nawe msomaji una sehemu yako, na ni ndogo. Siku ukikuta njiani au uwanjani kipande chenye miraba myeusi na myeupe kimetandazwa na kukandamizwa kwa mawe, usikichukue kufunikia kuni, na uwaambie watoto wasikisogeze. Kiache pale mpaka jioni. Kuna mtu alisimama juani kupima mahali pale, na kijiji chako kizima kimepigiliwa hapo.